Anza na daftari lako la aljebra: jinsi ya kuchangia programu huria za hisabati ukiwa Dodoma

Vijana wa hisabati hapa Dodoma, wawe wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kule Chimwaga au wa Chuo Kikuu cha St John's, wamekuwa wakiniuliza swali moja: "Kaka, natamani kuchangia programu huria za aljebra, ila sijui kuandika programu vizuri. Nianze kujifunza lugha gani?" Mimi huwaambia wafungue daftari la aljebra dhahania, watafute mahali ambapo mhadhiri alisema "hili ni dhahiri" akapita, kisha wakalipime jambo hilo kwenye programu.

Sisemi hivyo kuwapa moyo tu. Programu hizi, ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha, zilianzishwa na watu wenye kiu ya hisabati. GAP ilizaliwa mwaka 1986 katika chuo kikuu cha Aachen, Ujerumani, chini ya Joachim Neubüser, kwa ajili ya nadharia ya makundi (kwa Kiingereza group theory, kama simetria za umbo). SageMath ilianzishwa na William Stein mwaka 2005, naye ni mtu wa nadharia ya namba. Wanaojua kuandika msimbo ni wengi. Anayekaa na fasili moja jioni nzima akijiuliza "je, ikiwa ni sifuri?" ni adimu, na mwanafunzi anayetayarisha mtihani wa aljebra anafanya kazi hiyohiyo kila wiki bila kujua kwamba kuna mahali inahitajika.

Hatua ya kwanza: chagua programu moja, kwa kuangalia bando na kompyuta yako

Usijisajili kwenye miradi mitano. Chagua mmoja, ukae nao muhula mzima.

Kwa anayeanza na kompyuta ya kawaida napendekeza SymPy, programu ya aljebra. Imeandikwa kwa Python tupu, leseni yake ni BSD (inaruhusu kila mtu kuitumia na kuibadilisha), na kifurushi chake ni megabaiti chache tu, hakili bando zaidi ya video mbili tatu za WhatsApp. Kwa kuwa ni Python tupu, hata simu ya Android yenye Termux (programu ya kuandika amri kwenye simu) inaiendesha. Nimeona mwanafunzi akipima polinomia kwenye daladala kutoka mjini kwenda chuoni.

Kama moyo wako uko kwenye makundi, chukua GAP. Kiini chake kimeandikwa kwa lugha ya C, lakini sehemu kubwa ya maktaba yake imeandikwa kwa lugha ya GAP yenyewe, na lugha hiyo inasomeka karibu kama hisabati. Toleo lenye vifurushi vyote ni zito. Ukiwa na Ubuntu au Debian, anza na `gap-core`, vingine utaviongeza baadaye.

SageMath ni bahari. Ndani yake zimo GAP, PARI, Singular na nyingine nyingi. Kuijenga kutoka kwenye msimbo wake kunachukua saa nyingi na gigabaiti kadhaa za diski. Kompyuta mpakato yenye RAM ya gigabaiti 4 itahema, na umeme ukikatika katikati umepoteza mchana. Iache kwanza, utaifikia.

Hatua ya pili: iweke, uitumie wiki mbili bila kugusa msimbo wake

Kwa SymPy amri ni moja:

`pip install sympy`

Baada ya hapo, kila swali la mazoezi unalolifanya kwa mkono lifanye pia humo. Usiitumie ikufanyie kazi. Andika jibu lako kwanza kwenye karatasi, kisha uione programu inasema nini, na majibu yakitofautiana weka alama pembeni mwa daftari. Alama hizo ndizo mtaji wako. Wiki mbili zikiisha utakuwa na alama saba au nane, na hapo ndipo kazi yenyewe inaanza.

Hatua ya tatu: hakikisha ni kosa kabla ya kuliita kosa

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi wanajikwaa.

Kiangazi kimoja, upepo ukipiga mchanga kwenye madirisha ya Ng'ong'ona, mdogo wangu mmoja wa mwaka wa pili alinifuata chumbani na kompyuta yake. Alikuwa na hakika kwamba GAP imekosea. Daftari lake lilisema (1 2)(2 3) = (1 2 3). Kila mabano hapo ni uambatanisho, yaani kanuni ya kupanga namba upya: (1 2) hubadilishana 1 na 2, na (1 2 3) humpeleka 1 kwenye 2, 2 kwenye 3, na 3 kwenye 1. GAP ilisema hivi:

`gap> (1,2)*(2,3);`
`(1,3,2)`

Tayari alikuwa ameandika nusu ya ripoti ya kosa ya kuwatumia wenye mradi. Nikamwomba asubiri, tukachukua vifuniko vitatu vya soda, tukaviandika 1, 2 na 3 kwa kalamu, tukavipanga mezani. Nikamwambia afuate kifuniko namba 1 akianzia kulia, kama mhadhiri wake anavyofanya, kwa sababu mhadhiri anasoma f(g(x)) na g ndiyo inayotangulia. (2 3) haimgusi 1. Kisha (1 2) inampeleka 1 kwenye 2. Kwa hiyo 1 anakwenda 2, na ukiendelea hivyo unapata (1 2 3). Sasa nikamwambia aanzie kushoto. (1 2) inampeleka 1 kwenye 2, halafu (2 3) inamtoa 2 na kumpeleka 3. Sasa 1 anakwenda 3, 3 anakwenda 2, 2 anakwenda 1. Hiyo ni (1 3 2).

Alinyamaza, akarudia na kifuniko namba 2 mwenyewe, kisha namba 3. Mhadhiri hakukosea, na GAP haikukosea. GAP inasoma kutoka kushoto kwenda kulia, ndiyo maana hata kumtumia 1 kwenye uambatanisho huo inaandikwa `1^(1,2)`, namba ikitangulia. Angeituma ile ripoti, angejibiwa kwa upole na ingefungwa siku hiyohiyo, na nina wasiwasi asingetuma nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno "kosa", pitia kaida hizi. Je, kuzidisha kunaanzia kushoto au kulia? Je, kuhesabu kunaanza na 0 au 1? (SymPy huhesabu vitu vya uambatanisho kuanzia 0, GAP kuanzia 1.) Je, namba iliyo ndani ya jina ina maana gani? Mfano mzuri ni kundi la simetria za mraba. Kwenye GAP `DihedralGroup(8)` ni kundi lenye elementi 8. Kwenye Sage jina hilohilo lenye 8 linakupa kundi la simetria za umbo la pembe 8, lenye elementi 16. Ukitaka la mraba kwenye Sage unaandika 4. Vitabu navyo vimegawanyika hivyohivyo.

Na la mwisho, muhimu kuliko yote: unafanya kazi juu ya uga gani, yaani mfumo gani wa namba? Uliza SymPy ichanganue x² + 1 katika vigawo, itakurudishia kama ilivyo, kwa sababu juu ya namba wiano haigawanyiki. Sasa andika:

`factor(x**2 + 1, modulus=5)`

Utapata (x - 2)(x + 2), maana kwa moduli ya 5 namba -4 na 1 ni kitu kimoja. Weka 2 badala ya 5, utapata (x + 1)². Swali ni lilelile na majibu matatu yote ni sahihi. Aliyesahau kusema uga wake hana ripoti ya kutuma.

Hatua ya nne: tafuta pengo dogo unaloweza kulithibitisha mwenyewe

Mchango wa kwanza usiwe algorithimu mpya. Uwe mfano mmoja kwenye maelezo ya kitendakazi (kipande cha programu kinachofanya kazi moja, kama kutafuta vigawo), au jaribio moja ambalo halikuwepo, au sentensi moja iliyokuwa na utata ukaisafisha. Miradi mingi huweka lebo ya kazi nyepesi kwa wanaoanza, unaweza kupita huko. Lakini kazi hizo hugombaniwa. Mimi napenda njia ya pembezoni: chukua kitendakazi unachokijua, kiulize kuhusu hali ambazo watu huziruka. Polinomia sifuri ina digrii gani? Determinanti ya matriksi isiyo na safu wala mstari ni ngapi? Kundi lenye elementi moja linafanyaje? Na uga ambao 1 + 1 = 0?

Chukua kitu tulichojifunza sote shule ya msingi, tena kwa Kiswahili: KKS, kigawo kikubwa cha shirika. KKS ya 12 na 18 ni 6. Hilo kila mtoto wa darasa la sita analijua. Sasa KKS ya 0 na 0 ni ngapi? Kwa fasili ya shule ya msingi swali halina jibu, kwa sababu kila namba inaigawa 0, na hakuna namba iliyo kubwa kuliko zote. SymPy, inayoiita KKS `gcd` kwa Kiingereza, inajibu bila kusita:

`>>> gcd(0, 0)`
`0`

Je, imekosea? Rudi kwenye daftari la pete, yaani mifumo ya kujumlisha na kuzidisha kama namba nzima. Huko "kikubwa" hakipimwi kwa ukubwa wa namba, kinapimwa kwa kugawa: d ni KKS ya a na b ikiwa d inazigawa zote mbili, na kila kigawo cha shirika cha a na b kinaigawa d. Jaribu d = 0. Inaigawa 0, maana 0 = 0 × k. Kila namba inaigawa 0. Masharti yote yametimia. Na hakuna nyingine inayofaa, kwa sababu 0 yenyewe ni kigawo cha shirika cha 0 na 0, na kitu pekee ambacho 0 inaweza kukigawa ni 0. Programu iko sahihi.

Ukifika hapo una mchango mkononi, hata kama programu haikukosea. Fungua maelezo ya kitendakazi hicho. Yanasema lolote kuhusu sifuri? Kama yanasema, umejifunza, nenda kwenye kitendakazi kingine. Kama hayasemi, mwanafunzi wa Mpwapwa au wa Manila atakayekutana na jibu hilo kesho atababaika kama wewe, na mistari miwili yako inamsaidia. Kabla ya kuandika, tafuta kwenye orodha ya hoja (issues) za mradi, zilizo wazi na zilizofungwa, uone kama kuna aliyekutangulia. Kazi hiyo haichukui dakika kumi.

Neno kuhusu akili mnemba. Ukiiomba ikutafutie pengo na kukuandikia msimbo, mpitiaji, yaani anayekagua michango ya mradi, atakuuliza kwa nini, na wewe utakuwa huna jibu. Tuma kile tu unachoweza kukitetea ubaoni mbele ya mhadhiri wako, chaki mkononi.

Hatua ya tano: chukua nakala, fungua tawi

Hii ni sehemu ya ufundi, na siku mbili zinatosha kuizoea. Fungua akaunti ya GitHub, tovuti inayohifadhi miradi hii, nenda ukurasa wa mradi, tengeneza nakala yako (fork). Kisha ishushe kwenye kompyuta. Historia ya mradi wa miaka mingi ni nzito, kwa hiyo tumia amri inayookoa bando, inayoacha mafaili ya zamani mpaka utakapoyahitaji:

`git clone --filter=blob:none https://github.com/JINA-LAKO/sympy`
`cd sympy`
`git switch -c kks-ya-sifuri`
`pip install -e .`

Mstari wa tatu unakufungulia tawi lako, yaani sehemu ya pembeni ya kufanyia mabadiliko yako. Usifanye kazi kwenye tawi kuu kamwe, kila wazo liwe na tawi lake. Amri ya mwisho inaifanya Python itumie nakala yako badala ya ile uliyoiweka mwanzo.

Hifadhi mabadiliko mara kwa mara kwa `git commit`. Kwa mazingira yetu ya umeme hilo si la kuambiwa mara mbili. Kupandisha kazi mtandaoni kunaweza kusubiri bando la usiku au Wi-Fi ya chuo, lakini kuhifadhi hakuhitaji intaneti.

Hatua ya sita: jaribio kwanza

Kwenye SymPy kitendakazi cha KKS kimo ndani ya `sympy/polys/polytools.py`. Mifano iliyo kwenye maelezo yake si pambo. Kompyuta huiendesha na kulinganisha jibu. Andika mfano wako, kisha uupime:

`python bin/doctest sympy/polys/polytools.py`

Majaribio mengine yamo kwenye folda ya `tests` iliyo jirani:

`python bin/test sympy/polys/tests/test_polytools.py`

Kwenye GAP ni raha zaidi. Majaribio yake ni mafaili yanayoishia na `.tst`, na ndani yake kuna swali kama ulivyoliandika na jibu kama lilivyotoka, mstari kwa mstari, kama mazungumzo. Mwanafunzi anayejua hisabati anaweza kuyasoma siku ya kwanza.

Ukiwa umepata kosa la kweli, andika kwanza jaribio linaloshindwa. Liendeshe, ulione likishindwa kwa macho yako. Ndipo urekebishe msimbo, uliendeshe tena, ulione likipita. Ukirekebisha kwanza na kuandika jaribio baadaye hutajua kama jaribio lako linapima chochote.

Hatua ya saba: tuma ombi la kuunganisha, dogo iwezekanavyo

Ombi la kuunganisha (pull request) ni kuwaomba wenye mradi waingize mabadiliko yako. Ombi langu la kwanza, kwa mradi ambao sitautaja, lilikuwa na marekebisho ya mfano mmoja. Lakini kihariri changu kilikuwa kimepanga upya nafasi za mistari kwenye mafaili kumi na moja, nami sikuangalia. Mpitiaji alikuta mamia ya mistari iliyobadilika, hakuweza kuona wazo langu liko wapi. Likakaa wiki tatu, likafungwa. Iliniuma sana, maana hoja yangu ya hisabati ilikuwa sahihi. Tangu hapo siendi popote bila `git diff`, amri inayoonyesha mistari iliyobadilika, kabla ya kutuma. Soma kila mstari uliobadilika. Mstari ambao huwezi kueleza kwa nini umebadilika, urudishe ulivyokuwa.

Maelezo ya ombi yataandikwa kwa Kiingereza, na hapo wengi hupata hofu. Sentensi fupi za kawaida zinatosha. Wapitiaji wengi nao Kiingereza si lugha yao ya mama. Sema mambo matatu: umeandika amri gani, umepata nini, na ulitarajia nini na kwa nini. "Kwa nini" ndiyo sehemu yako ya hisabati, weka hapo uthibitisho wako wa mistari mitatu. Usianze na salamu ndefu wala kujieleza kwamba wewe ni mwanafunzi tu. Hakuna aliyeuliza, na hoja nzuri haihitaji utetezi.

Mambo madogo yatakayokusimamisha kwenye SymPy: kuna ukaguzi wa kompyuta unaotaka jina lako liwe kwenye faili la `.mailmap`, na ombi linapaswa kuwa na mstari wa taarifa ya toleo, au maneno `NO ENTRY` kama badiliko halihitaji kutangazwa. Ukaguzi ukionyesha alama nyekundu, usiogope. Bonyeza, soma mistari ya mwisho. Mara nyingi sababu iko hapo.

Hatua ya nane: kusubiri na kujibu

Jibu linaweza kuja baada ya saa moja au baada ya mwezi. Wengi wa wapitiaji wanajitolea. Wiki mbili zikipita kimya, andika mstari mmoja wa heshima kukumbusha. Usifungue ombi jingine la jambo lilelile.

Ukiambiwa ubadilishe kitu, soma mara mbili kabla ya kujibu. Ukikubali, badilisha kwenye tawi lilelile, upandishe, ombi litajisasisha lenyewe. Usipokubali, sema, ukiwa na sababu ya hisabati. Sisi tumelelewa kutobishana na wakubwa, na ni malezi mema, lakini hapa mpitiaji anapokuuliza "una hakika?" anataka kusikia uthibitisho wako. Ukinyamaza, hoja nzuri inapotea.

Kuhusu saa: mradi ukitangaza mkutano wa mtandaoni utatumia saa za UTC, saa za kimataifa. Sisi tuko mbele kwa saa tatu, kisha kuna saa zetu za Kiswahili juu yake. Saa 14:00 UTC ni 17:00 hapa, yaani saa kumi na moja jioni. Andika ukutani. Ujerumani wako nyuma yetu saa mbili wakati wa baridi yao na saa moja wakati wa joto, kwa hiyo ukituma swali asubuhi baada ya kipindi cha kwanza utawakuta ndiyo wanafungua kompyuta.

Ombi likiunganishwa

Rudi tawi kuu, vuta mabadiliko mapya, futa tawi lako la zamani. Kisha baki kwenye faili lilelile. Mchango wa pili na wa tatu ukiwa jirani na wa kwanza, wapitiaji wanaanza kukujua kwa eneo lako, na wewe unaanza kuona vitu ambavyo mgeni hawezi kuviona.

Kama unalenga Google Summer of Code, ambayo hulipa washiriki kwa kazi ya miezi michache kwenye miradi kama hii, SymPy imeshiriki mara nyingi na huwataka waombaji wawe wameshatuma angalau badiliko moja la msimbo. Maombi kwa kawaida hufunguliwa mwezi Machi. Anayeanza Oktoba, muhula unapofunguliwa, ana muda. Anayeanza Februari atakimbizana.

Na kama uko mwaka wa tatu, mpelekee msimamizi wa mradi wako wa kuhitimu mazungumzo yote ya ombi lako, yachapishwe kuanzia swali la kwanza la mpitiaji hadi jibu lako la mwisho. Msimbo wenyewe unaweza kuwa mistari sita. Kwenye yale mazungumzo ndipo atakapokuona ukitetea fasili ya KKS mbele ya mtu ambaye hamjawahi kuonana.